Barua kwa wanangu mnaosubiri maksi za SAT

Wanangu mnaoomba vyuo Marekani mwaka huu, shikamoo zenu nimezipata, marahaba wote. Nawaandikia kwa sababu naona mnavyolichukulia hili jambo la maksi za SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo ambao alama ya juu kabisa ni 1600, kama hukumu, mtu kapata 1100 kashaanza kusema chuo sio fungu lake, mwenzie kapata 1480 kashajiona kamaliza kazi, na wote wawili hawajaelewa zile namba zinasema nini.

Watafiti wakisema mtihani "unatabiri" mafanikio, mara nyingi wanamaanisha kitu kimoja tu, GPA, yaani wastani wa gredi, ya mwaka wa kwanza chuoni. Basi. Na hata hapo, College Board wenyewe ambao ndio wenye SAT, kwenye hesabu zao za 2019 uhusiano wa SAT na gredi za mwaka wa kwanza ulikuwa karibu 0.5 (0 ni hakuna uhusiano, 1 ni vinakwenda pamoja kabisa), gredi za sekondari nazo hivyo hivyo juu kidogo, na ukiviweka pamoja unafika kama 0.6. Sasa fanya kama wanatakwimu, chukua 0.6 zidisha kwa 0.6 unapata 0.36, yaani tofauti kati ya mwanafunzi na mwanafunzi inaelezeka kwa theluthi na ushee tu, iliyobaki yote iko kwingine: nani anatafuta msaada mapema, nani anafanya kazi usiku ili alipe ada, nani kaumwa, nani kapata mshauri mzuri. Hizo namba zinasema habari za umati wa watu, wewe mmoja hazikujui.

Halafu kuna swali la kumaliza chuo, na hili mimi nalipa uzito kuliko la mwaka wa kwanza, maana kuna watu kibao wanaanza vizuri na digrii hawaipati, deni linabaki. Mwaka 2020 Elaine Allensworth na Kallie Clark wa University of Chicago waliwafuatilia wahitimu wa shule za umma za Chicago, wakakuta GPA ya sekondari inatabiri kumaliza chuo kwa nguvu mara tano kuliko ACT, mtihani mwingine wa kuombea vyuo kama SAT. Mimi hilo halinishangazi hata kidogo. SAT ya sasa ni masaa mawili na dakika 14, lakini GPA imejengwa miaka minne na walimu wengi tofauti, ndani yake kuna kuhudhuria, kuna kazi ulizowasilisha kwa wakati, kuna ile testi uliyofeli Oktoba ukainuka Novemba, na chuo ndicho kinachotaka hayo hayo kila wiki.

Ila msije mkatupa vitabu vya mtihani mkasema mzee karuhusu! Jopo la maprofesa wa University of California, 2020 hiyo hiyo, lilikuta kwao maksi za mtihani zinatabiri gredi za mwaka wa kwanza vizuri kuliko GPA, ingawa bodi ya chuo iliamua kuachana na mtihani. MIT, chuo cha sayansi na teknolojia, walirudisha sharti la mtihani 2022, wakasema somo la hesabu kwao halina njia ya mkato. Na kwenye vyuo vikali kama hivyo karibu kila muombaji ana A tupu, kwa hiyo GPA haitenganishi watu, inabidi waangalie kingine.

Sasa hili ndilo linaloniuma. Chuo cha Dartmouth walipochunguza kabla ya kurudisha mtihani 2024, walikuta kwamba kutuma maksi kulipokuwa hiari watoto wa familia zisizo na uwezo walikuwa wanaficha maksi za 1400 na kitu, wanaona haya kwa sababu wastani wa waliopokelewa uko juu zaidi, kumbe zingewasaidia, maana maafisa wa chuo wanaochagua wanafunzi wanaisoma maksi yako wakiangalia na shule uliyotoka. Mtoto kajinyima mwenyewe!

Kwa hiyo chuo kikisema mtihani ni hiari, usijilinganishe na wastani wa chuo peke yake, tafuta wastani wa shule yako, ukiwa umewapita wenzako kwa mbali tuma hiyo maksi. Mwenye 1100 na gredi nzuri aombe vyuo vinavyoangalia gredi, na kabla hajachagua aangalie asilimia ya wanaomaliza pale, ipo wazi kwenye tovuti ya serikali inaitwa College Scorecard. Wewe wa 1480 mwenye gredi za kusuasua, muhula huu bado haujaisha, nenda kamuone mwalimu wa hesabu kesho.