Ulizeni kabla ya kutufungia vidonge vya magoti

Mhariri,

Kwa miaka miwili dawa ya magoti ya mamangu ilikuwa karatasi ya kaki. Unafika dirishani kwa duka la dawa, unasema "magoti", unafungiwa vidonge vya rangi tatu, unalipa, unaondoka. Na maumivu yalikwisha kweli, hata akarudi kuikalia mbuzi kukuna nazi. Kisha miguu ikaanza kuvimba, presha ikapanda, na asubuhi moja akaniita kwa siri: choo kimetoka cheusi kama lami.

Tumbo lilikuwa linavuja damu. Daktari alisema dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni zikimezwa muda mrefu huleta hayo, tena huumiza figo, na mzee mwenye presha ndiye wa kuogopewa zaidi.

Daktari huyo ndiye pia aliyetutoa kwenye "baridi". Sisi huku goti likiuma tu ni baridi yabisi, ingawa kwa joto hili la Mombasa sijui baridi yenyewe hutoka wapi. Kumbe ni gegedu lililolika, lile linalozuia mifupa isisagane. Halirudi, lakini maumivu hupunguzika. Akamwandikia jeli ya diklofenaki ya kupaka, maana inayoingia damuni ni kidogo. Sindano ya gotini ipo, hutuliza kwa wiki kadhaa. Kubadilishwa goti ni hatua ya mwisho.

Dawa kubwa ikawa kiti. Unakaa, unanyoosha mguu mmoja, unahesabu tano, unashusha. Mama alicheka: "Goti laniuma, nalo nilitumikishe?" Ndiyo, msuli wa paja ukipata nguvu hulipunguzia goti mzigo. Wiki za kwanza alinung'unika kila siku. Leo anapanda ngazi zetu za Kibokoni bila kushika ukuta, na mkongojo ameuhamishia mkono wa upande wa mguu mzima. Swala anaswali kitini. Nazi tunanunua iliyokunwa, ingawa bado anaisema haina tui.

Enyi wenye maduka ya dawa, mtu akisema "magoti", muulizeni kwanza presha, vidonda vya tumbo na figo. Na muandike jina la dawa. Daktari alipouliza mama anameza nini, nilichokuwa nacho mkononi ni kikaratasi kilichoandikwa "1 x 2".

Mkaazi wa Kibokoni,
Mombasa