Nishani ya babu haina jina

Ndugu Mhariri,

Baba yetu alipofariki mwaka jana tulifungua sanduku la bati ambalo tangu utotoni tulilijua likiwa na kufuli. Chini kabisa, ndani ya soksi ya sufu iliyotobolewa na nondo, tulikuta nishani ya babu: nyota ya ncha sita na kipande cha utepe wa buluu wenye mstari mwekundu katikati. Mtoto wa kaka yangu aliigeuza kutafuta jina. Nyuma palikuwa patupu. "Shangazi," akaniuliza, "sasa tutajuaje ni ya babu?"

Nimekaa na swali hilo miezi mingi, na ndilo linalonifanya nikuandikie.

Ile ni Nyota ya Burma, nishani ya waliopigana Burma, nchi ambayo leo ni Myanmar. Waingereza walizigawa nyota za vita vya pili bila kuchonga majina, kwa hiyo kinachoifanya nishani iwe ya mtu fulani ni ndugu zake kukumbuka. Na sisi tulikumbuka nini? "Babu alikuwa Keya, alifika Burma." Keya ni KAR, King's African Rifles, jeshi la Waingereza la huku Afrika Mashariki. Basi, hapo hadithi iliishia. Hatukumwuliza alikuwa kikosi gani, aliondoka na nani, nani hakurudi naye. Nimekuja kusoma nikiwa mtu mzima kwamba Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua za monsuni, kwenye matope na malaria, hadi ikafika Kalewa kando ya mto Chindwin mwezi Desemba. Kumbe mzee aliyekuwa hataki kabisa kukaa nje mvua ikinyesha alikuwa na sababu zake, nasi tulidhani ni uzee tu.

Na huyo alirudi. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani ikazama kwa dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300, wakiwemo wapiga mizinga wengi kutoka huku kwetu. Zipo familia ambazo hazikupata hata mahali pa kuweka jiwe.

Wa vita vya kwanza ndio waliosahauliwa zaidi. Kila siku tunataja Kariakoo bila kufikiri kwamba jina hilo limetokana na "Carrier Corps", yaani kikosi cha wapagazi, wale waliobeba risasi na chakula cha jeshi vichwani. Sanamu ya askari pale Dar es Salaam, na zile za Nairobi na Mombasa, ziliwekwa kwa heshima yao miaka ya 1920. Ile ya Nairobi imeandikwa kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Lakini majina yenyewe hayakuandikwa. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina kama wenzao wa Ulaya, au hawakukumbukwa kabisa. Radhi ni jambo jema. Ila tume haiwezi kumjua babu wa mtu kuliko ukoo wake.

Ndiyo maana nawaomba wasomaji wenzangu wafungue masanduku. Cheti cha kumaliza utumishi, picha, namba ya jeshi, hata wimbo wa gwaride aliokuwa akiuimba bibi kwa sababu aliusikia kwa mumewe. Viandikwe kwenye daftari moja, viwe na jina kamili. Na waliopigana Kagera mwaka 1978 na 1979 bado tunao. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule leo anakaribia 70. Huyo aulizwe sasa, akiwa na nafasi na sauti, wala asisubiriwe kusomewa wasifu msibani. Akikataa kusema, aachwe apumzike, kuna mambo hayasemeki. Wengi, lakini, hawajawahi kuulizwa.

Kwako Mhariri ombi langu ni hili: kila mwaka inapokaribia Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, tupe safu moja ya gazeti. Isiwe ya hotuba, iwe ya majina yanayoletwa na familia, na kila jina liandikwe kikosi na mahali alikotumikia.

La babu nimeliacha nje ya barua hii kwa makusudi, maana wazee wa ukoo wanataka lisomwe nyumbani kwanza. Mtoto wa kaka ameshaliandika kwa herufi kubwa, pamoja na namba ya jeshi tuliyoikuta nyuma ya picha, na karatasi hiyo ameifunga na ile nyota kwa uzi.

Wako,
Mjukuu wa Keya
Dar es Salaam