Barua ya wazi kwa A.J. Preller: mechi 32 za mkimbio mmoja

San Diego, California
Mwishoni mwa Oktoba 2023

Kwa Ndugu A.J. Preller,
Rais wa Shughuli za Besiboli, San Diego Padres

Ndugu Preller,

Msimu wa Padres ulikwisha tarehe 1 Oktoba, na hesabu yake kila mtu anaijua: mechi 162, ushindi 82, vipigo 80. Tumeshika nafasi ya tatu Magharibi mwa Ligi ya Taifa, nyuma ya Dodgers walioshinda 100 na Diamondbacks wa Arizona walioshinda 84. Tiketi mbili za mwisho za mtoano zilichukuliwa na Miami na Arizona, kila mmoja kwa ushindi 84. Tumezikosa kwa mechi mbili, na tunapoandika barua hii Arizona hao hao wako fainali kuu.

Mjini yanazunguka maelezo mawili. Moja linasema ni bahati mbaya, subirini mwakani. La pili linasema nyota wamelipwa mno hawajitumi, uzeni kila mtu. Sisi mashabiki wa Padres tunaozungumza Kiswahili tumekaa na takwimu za msimu mzima, na tunakuomba usifuate lolote kati ya hayo. Tatizo halikuwa nyota. Kikosi kilipwaya kuanzia mchezaji wa 20 hadi wa 26, na hapo ndipo mechi za karibu zilipopotelea.

Tuanze na ukubwa wa kilichopotea. Timu ilifunga mikimbio (yaani alama) 752 ikaruhusu 648, ziada ya 104. Chukua 752 uizidishe kwa yenyewe, upate 565,504. Fanya vivyo hivyo kwa 648, upate 419,904. Gawanya ya kwanza kwa jumla ya zote mbili, jibu ni 0.574, kisha zidisha kwa mechi 162. Utapata ushindi 93. Ndiyo hesabu inayotumika kupima nguvu ya timu, na kwa kawaida haikosei kwa zaidi ya mechi nne au tano. Kwetu imekosea kwa 11. Arizona waliokwenda mtoano walikuwa na upungufu wa mikimbio 15. Miami walikuwa na upungufu wa 57.

Mechi zilizoamuliwa kwa tofauti ya mkimbio mmoja zilikuwa 32. Tulishinda 9, tukapoteza 23. Miami walishinda 33 za namna hiyo na kupoteza 14. Toa mechi hizo kwenye msimu wetu, zinabaki ushindi 73 na vipigo 57, na hiyo ni rekodi ya timu inayogombea ubingwa. Zile zilizovuka ngwe ya tisa, yaani zamu ya mwisho ya kawaida ya timu kupiga, tulishinda 2 na kupoteza 12, na hizo 12 zilipotea mfululizo kabla ya ushindi wa kwanza kupatikana. Nyingi zimo katika hesabu zote mbili, kwa hiyo zisijumlishwe.

Je, ni bahati? Ukirusha sarafu mara 32, kupata upande mmoja mara 9 au pungufu hutokea karibu mara 1 katika 100. Ligi kuu nzima ina timu 30, kwa hiyo jambo la namna hiyo litamkuta mtu kila baada ya miaka michache. Sehemu ya balaa hili ni bahati, nasi tunakubali. Lakini sarafu haina benchi, haina mrushaji wa ngwe ya kumi wala kocha wa kuamua nani apige. Timu inavyo vyote hivyo.

Tuchukue ngwe za nyongeza, maana ndipo udhaifu ulipoonekana waziwazi. Tangu 2020 kila ngwe ya nyongeza huanza na mkimbiaji aliyekwisha kuwekwa besi ya pili, na mwaka huu kanuni imefanywa ya kudumu. Mkimbiaji huyo ni yule anayetangulia mpigaji wa kwanza wa ngwe katika orodha ya upigaji. Kwa hiyo kocha anaweza kukadiria mapema nani atasimama pale. Akiwa mdakaji (anayedaka mipira ya mrushaji) mzito wa miguu, kibao cha kawaida cha besi moja hakitamfikisha nyumbani. Dawa yake ni mkimbiaji wa akiba mwenye kasi, na lazima awe bado yuko benchi, hajatumiwa ngwe ya saba kwa jambo dogo.

Kisha kuna banti, yaani kuugusa mpira ufie karibu ili mkimbiaji asogee besi ya tatu. Timu ya ugenini, inayopiga kwanza, isiitumie. Mkimbiaji akiwa besi ya pili bila mtu kutoka (kutolewa mchezoni), wastani ni kufunga kama mikimbio 1.1. Akiwa besi ya tatu na mmoja ametoka, wastani unashuka hadi karibu 0.95. Kwa mgeni, mkimbio mmoja mara nyingi hautoshi, kwa sababu mwenyeji atapewa mkimbiaji wake pia. Mwenyeji ambaye mpinzani wake ametoka kapa hesabu yake ni tofauti: anahitaji mmoja tu, na banti ikifaulu nafasi ya kuupata hupanda kutoka takribani asilimia 60 hadi karibu 65. Ila ifaulu kweli. Mpira ukiruka juu ukadakwa, au mlinzi akauwahi na kumtoa mkimbiaji besi ya tatu, nafasi imeteketea. Kazi hiyo apewe mtu aliyeifanyia mazoezi, kamwe asiwe mmoja wa nyota wetu wa kupiga, Juan Soto wala Fernando Tatis Jr.

Na kwa Soto mpinzani hata hangoji. Besi ya kwanza ikiwa tupu, anampa besi bure na kukaa kusubiri mpira wa chini wa kutoa wawili kwa mkupuo. Soto amepewa besi mara 132 msimu huu, hakuna aliyemfikia katika ligi zote mbili, ya Taifa na ya Marekani. Maana yake ni kwamba mtu anayepiga nyuma yake ana uzito kuliko inavyodhaniwa. Mahali hapo panahitaji mtu anayeugusa mpira, asiyetoka ovyo kwa straiki tatu.

Upande wa kurusha, Josh Hader alikuwa na wastani wa 1.28 (mikimbio aliyoruhusu kwa kila ngwe tisa) na mechi 33 alizozimaliza akilinda uongozi, ila kwa kawaida hurusha ngwe moja akatoka. Akishatumika ngwe ya tisa, ya kumi inamwangukia mrushaji wa nne au wa tano wa akiba, tena kuna mtu besi ya pili. Hapo panatakiwa mtu wa kutoa wapigaji kwa straiki. Mpira wa chini kuelekea kulia unamsogeza mkimbiaji besi ya tatu, mpira wa juu unaofuata unamfungisha, na mkimbio umeingia bila kibao hata kimoja. Jumla ya warushaji wetu ilikuwa na wastani wa 3.73, miongoni mwa bora kabisa katika ligi zote mbili. Wastani huo ulibebwa na wachache bora. Blake Snell peke yake alirusha ngwe 180 kwa wastani wa 2.25, na kwetu sisi tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi, ni yake.

Sasa benchi. Kikosi ni watu 26, na warushaji hawazidi 13. Wanabaki 13, tisa wanaanza, wanne wanakaa. Mmoja wa hao wanne ni mdakaji wa akiba, ambaye makocha wengi huogopa kumtumia. Kwa hiyo nafasi za kuchezea ni tatu. Aprili mlianza na Nelson Cruz na Matt Carpenter, wawili ambao kazi yao ilikuwa kupiga tu. Cruz hakuwa na nafasi uwanjani, Carpenter aliweza besi ya kwanza kwa shida. Cruz aliachwa mwanzoni mwa Julai, Carpenter akamaliza na wastani wa .176, yaani vibao chini ya viwili kwa kila mara kumi za kupiga. Kwa miezi mitatu ya mwanzo kocha akihitaji mkimbiaji, au mlinzi wa nje wa kulinda uongozi wa mkimbio mmoja, karibu hakuwa na wa kumgeukia.

Kwa wadakaji ilikuwa hivyo hivyo. Austin Nola alipiga .146. Mwisho wa Mei mkamchukua Gary Sánchez, aliyekuwa ameachwa na timu nyingine, akapiga homurani (mipira inayovuka ukuta wa uwanja) 19 katika mechi 72. Luis Campusano alipopata mechi 49 alipiga .319. Hongera kwa hayo mawili. Yanaonyesha pia kwamba suluhisho halikuhitaji mamilioni, lilihitaji kuja miezi miwili mapema.

Mwanzoni mwa Agosti mlimleta mrushaji Rich Hill, akaruhusu zaidi ya mikimbio 8 kwa kila ngwe tisa. Tunaelewa mlichotafuta: mrushaji Joe Musgrove alikuwa anaumwa bega, na baadaye mwenzake Yu Darvish akasimama kwa kiwiko. Lakini mrushaji wa miaka 43 si akiba ya kutegemewa katika mbio za lala salama.

Kuna jambo moja la mpangilio ambalo lazima tulitaje, ingawa wachezaji wenyewe tunawapenda. Kumsajili Xander Bogaerts kwa miaka 11 na dola milioni 280 kulimsogeza Kim Ha-seong besi ya pili, na Jake Cronenworth akasukumwa hadi besi ya kwanza. Cronenworth ni mlinzi hodari wa katikati. Besi ya kwanza ulinzi wake hauna faida ile ile, na pale timu nyingine huweka mpigaji mzito. Alipiga .229. Kila hatua peke yake ina maelezo yake, lakini ukizijumlisha, mlinunua nguvu mahali ambapo tayari mlikuwa nayo na kuacha pengo pasipozibika kwa urahisi.

Tusisahau na mazuri. Tarehe 13 Septemba timu ilikuwa na ushindi 68 na vipigo 78, ikashinda 14 kati ya 16 zilizobaki. Wachezaji waliokata tamaa hawafanyi hivyo. Watu zaidi ya milioni 3.2 waliingia Petco Park, rekodi ya klabu. Jiji hili halina timu nyingine kubwa tangu Chargers waondoke 2017, na tangu Padres waanze 1969 halijatwaa ubingwa wa besiboli. Mmiliki Peter Seidler alifungua mkoba kwa ajili ya hilo, nasi tunamshukuru kwa dhati.

Tunajua mkoba huo sasa unabanwa. Kampuni iliyokuwa ikionyesha mechi zetu kwenye televisheni iliacha kulipa mwishoni mwa Mei, na ligi ikalazimika kuzionyesha mechi yenyewe. Kikomo cha kodi ya mishahara mwakani ni dola milioni 237. Kwa kuwa mmekipita miaka mitatu mfululizo, kila dola ya ziada hutozwa senti 50. Mkishuka chini yake hata msimu mmoja, kiwango hurudi asilimia 20. Ikibidi kushuka, shukeni. Tunachojali ni njia mtakayopita.

Snell na Hader wako huru kuondoka. Warushaji Michael Wacha, Seth Lugo na Nick Martinez mikataba yao ina milango ya kutokea. Snell, Lugo, Wacha na Martinez wamerusha pamoja ngwe 571 msimu huu. Mkimuuza Soto, ambaye amebakiza mwaka mmoja tu, ombi letu ni kwamba mlipwe kwa warushaji walio tayari kwa ligi kuu, wawili wa kuanzisha mechi angalau, na mdakaji anayejua kuwaongoza. Vijana wa miaka 19 wenye sifa kubwa hawatarusha hata ngwe moja kati ya hizo 571 mwakani. Mkimbakiza Soto, ambalo ndilo tunalolitamani, basi tafuteni ngwe hizo kwa bei ya chini na kwa idadi: watu watano au sita wa kushindania nafasi mbili.

Kocha wetu Bob Melvin amekwenda San Francisco. Tangu uchukue usukani Agosti 2014 makocha wamepokezana hapa, na tunaomba huyu ajaye apewe sauti katika uchaguzi wa wale wanne wa benchi kabla hawajasajiliwa. Ndiye atakayewatumia. Muulizeni kwenye usaili: ngwe ya kumi, nyumbani, mgeni ametoka kapa, mdakaji yuko besi ya pili, anapiga mtu wa tisa, Tatis anafuata. Anafanya nini, na benchi yake ina nani?

Muda ni mfupi kuliko wa wengine. Mechi ya kwanza ni Seoul, tarehe 20 Machi 2024, dhidi ya Dodgers, siku nane kabla timu nyingine hazijaanza. Warushaji watalazimika kuanza mazoezi mapema kwenye kambi ya Peoria, Arizona, kwa hiyo watu hao wa kushindania nafasi wanahitajika kambini katikati ya Februari, si Machi.

Wenu katika besiboli,
Mashabiki wa Padres wazungumzao Kiswahili