Kanisa la Chuo Halina Paa na Mvua Inakuja: Wito wa Harambee

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Tunabisha hodi tena, na aibu tunaiona. Mwaka jana mlitoa, na kuta za kanisa dogo la wanafunzi zikafika kwenye lenta. Zikaishia hapo. Msimu mzima zilinyeshewa, na sasa kozi za juu upande wa magharibi zinamomonyoka. Ukipitisha mkono, tofali linakuachia unga kiganjani. Fundi ametuambia wazi: zikipigwa na mvua nyingine, tutaanza kwa kubomoa. Na hapa Tabora Novemba ikiingia, mvua nayo imeingia.

Kwa sasa tunasali chini ya mwembe. Wingu likifunga tunakimbilia bwaloni, kinanda kimefunikwa kanga, tunaimba huku wapishi wakigonga masufuria, maana maharage nayo yana saa yake. Wanafunzi wa uuguzi waliotoka zamu ya usiku hukaa sakafuni, wengine wanasinzia kabla Biblia haijafunguliwa. Hatuwalaumu. Wamoravian, Waanglikana, Walutheri na Wapentekoste wote wanaabudu pamoja, na ugomvi wetu pekee ni sauti ya maombi ikishapita saa nne usiku.

Kanisa la Moravian lipo Urambo tangu 1898. Mkoa wenye historia hiyo, vijana wake wasali wakichungulia mawingu?

Kenchi, mabati 120 ya geji 28 na ufundi ni shilingi milioni 9.4. Mkononi tuna milioni 3.1. Kila senti itapewa risiti, na mapato na matumizi yatasomwa kanisani.

Jirani yetu Mwislamu ameshusha tripu mbili za mchanga bila kuombwa. Ninyi wahitimu, kadi zenu za ahadi bado ziko kwa mhazini, nyingine zimeanza kupauka. Wapo kati yenu waliopata wachumba kwenye mazoezi ya kwaya yetu. Hao tunatarajia watoe bati la mume na bati la mke. Hagai 1:4 mtaisoma wenyewe.

Harambee ni Jumapili ya mwisho ya Oktoba, baada ya ibada. Asiye na fedha alete asali, karanga au mchele, tutanadi. Wanaoleta kuku wawafunge miguu vizuri: wa mwaka jana alifika bei nzuri, akatorokea kwenye mihogo ya mkuu wa chuo, na mnunuzi bado anatudai.