Kisigino Kisicheze

Salt Lake City, Utah
Jumapili usiku, Januari

Baba, shikamoo.

Huku sisi wazima, alhamdulillahi, ila baridi tu. Ile sauti uliyonitumia kwa simu ya Mwanaidi nimeisikiliza mara tatu, na mara zote nimecheka pale uliposema mabuti niliyovaa kwenye picha yanafanana na miguu ya tembo, tena ukauliza kayashona nani. Mama naye nimemsikia kwa nyuma akiuliza bei. Bei nitaitaja, lakini mwambie akae kwanza.

Mwanaidi ningemtumia video akatosheka. Wewe hutosheki mpaka ujue bitana imekaaje, kwa hiyo leo nakaa niandike.

Kazi yangu ya majira ya baridi, Novemba mpaka Aprili, ni kwenye duka linalokodisha na kuuza vifaa vya kutelezea kwenye theluji. Siku ya kuhojiwa mwenye duka aliniuliza najua nini kuhusu theluji. Nikamwambia sijui mengi, ila baba yangu ni fundi viatu na nimekua nikishika miguu ya watu pale kibarazani Ngamiani. Akanionyesha kile kiti kifupi cha kukalia mbele ya mteja. Ndicho ninachokalia mpaka leo.

Kwanza theluji yenyewe, maana iko theluji na theluji. Ile iliyosagwa na mashine ikawa ngumu kama sakafu, kila mlima unayo. Inayowapandisha watu ndege kuja Utah ni ile inayoanguka usiku, kavu, nyepesi, ukiipuliza kiganjani inaruka. Wenyewe huiita poda, na ni poda kweli, kama ile ya mtoto. Dhoruba hutoka Bahari ya Pasifiki, zikavuka jangwa la Nevada, na zikigonga milima ya Wasatch hupanda juu na kumwaga mzigo wote hapo. Bonde la Little Cottonwood, ambako mabasi hupanda na watu alfajiri, hupata kama mita 12 kwa msimu. Ule wa 2022 hadi 2023, pale Alta, mlima mmojawapo wa kutelezea bondeni humo, zilipita mita 22. Si kwamba zilisimama zote kwa pamoja, theluji hujishindilia, lakini hebu ufikirie mnazi. Hata baadhi ya vibao vya namba za magari vimeandikwa kwamba theluji ya hapa ndiyo bora duniani kote. Majigambo, ila sijaona wa kuwabishia. Na Alta hiyohiyo haitaki mtu wa ubao, kwao ni ski tupu, zile mbao mbili nyembamba, mguu mmoja kila ubao. Sisi twashuka jirani yao, Snowbird.

Ubao ninaousema, wao huuita snowboard, ni mmoja, miguu yote miwili inafungwa juu yake, na unasimama ubavu kama konda mlangoni mwa daladala. Huna fimbo, huna usukani. Ukiegemea vidole unakata upande huu, ukiegemea visigino unakata upande ule, basi. Sasa kisigino kikinyanyuka ndani ya buti hata unene wa kidole, wewe umeshainama lakini ubao hauna habari.

Kwa sababu hiyo buti ndilo la kununua kwa makini kuliko kitu kingine chochote, kuliko hata ubao. Wateja hawaniamini. Wanaingia wakikodolea macho mbao zenye michoro, buti wanalitaja mwisho kama gidamu.

Buti lenyewe ni viatu viwili. Nje kuna ganda gumu kiasi, lenye soli ya mpira. Ndani kuna kiatu kingine kizima cha sponji, unaweza kukitoa kikasimama mezani peke yake: bitana iliyoota miguu. Hiyo bitana tunaipasha moto, mteja anaivaa ingali na joto, tunamfunga, anasimama dakika chache mpaka ipoe, nayo inachukua umbo lake. Kalibu ni mguu wa mteja mwenyewe! Nilipoona mara ya kwanza nilizikumbuka kalibu zako za mbao, za namba saba na tisa tu, na jinsi ulivyowatengenezea wa namba nane kwa kugongelea kipande cha ngozi juu ya saba.

Saizi ni sentimita. Mguu wa 27, buti la 27. Tatizo ni kwamba hakuna anayeujua mguu wake. Jumanne kaja baba mmoja mrefu, kwenye fomu kajaza saizi ya viatu vyake vya mtaani, ambayo kwa mabuti yetu ni 29.5. Nikamwomba avue, asimame kisigino ukutani, uzito wote juu ya mguu. Nikasimamisha kitabu mbele ya kidole kirefu, nikapima: 27 na nusu. Akabisha. Nikamletea 27.5, akaingiza mguu akiwa amekaa, uso ukakunjika, akasema vidole vinabanwa. Nikamwambia apige kisigino chini mara tatu kirudi nyuma. Nikafunga ya ndani, nikafunga ya nje. Simama. Sasa kunja magoti kama unayetaka kukaa usikae. Uso ukakunjuka. Ukisimama wima vidole vinagusa mbele kidogo, kama mtu anayepiga hodi. Ukikunja magoti mguu unarudi nyuma na vidole vinapumua. Na ubaoni hakuna anayesimama wima. Nikapiga magoti nyuma yake, nikakamata buti kwa mikono miwili, nikamwambia anyanyue kisigino. Hakikunyanyuka. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama hata viatu vya kazini amekuwa akivaa vya mtu mwingine miaka yote hii.

Mama asisikie, lakini nami nililelewa hivyohivyo. Makubadhi ulishona wewe, yakanikaa. Viatu vya shule alinunua Mama, na Mama alikuwa akinunua viatu vya mwaka unaofuata, gazeti likikunjwa mbele ya vidole. Ndiyo akili niliyokuja nayo Marekani. Msimu wangu wa kwanza, kabla sijaajiriwa dukani, nilipata mabuti ya mtumba kwa dola 25, saizi 29. Mguu wangu 27. Nikavaa soksi nene za pamba, jozi mbili, nikasema zitajaza. Hazikujaza kitu. Kisigino kikawa kinapanda na kushuka kama pistoni. Nikakaza kamba, mguu ukafa ganzi. Nikalegeza, vidole vikawa vinagonga ukuta wa mbele kila nikipunguza mwendo. Kufikia saa nane mchana nilikuwa nimekaa chini ya msonobari nimevua buti, nakanda mguu uliokuwa mweupe kama wa maiti. Kucha ya kidole gumba iligeuka nyeusi, ikang'oka mwezi wa tatu.

Wengi hudhani kiatu cha kubana ndicho kinachotia baridi. Kikubwa kinatia zaidi, kwa kuwa unalazimika kukikaza mpaka damu isishuke. Na soksi ni moja, nyembamba, ya sufu. Pamba inanyonya jasho ikakaa nalo, na jasho huku ni barafu.

Bitana nayo hujikandamiza. Buti ukilitumia wiki mbili tatu, sponji inalala na nafasi inaongezeka karibu nusu saizi. Linalokaa vizuri kama ndala siku ya dukani, mwezi wa pili ni pango.

Haya, bei. Dola 320, na hapo punguzo la mfanyakazi limeshatolewa. Mpe Mama maji. Mwambie pia kwamba vifungio, vile vinavyoshika buti ubaoni, ni vya mtumba.

Kwenye kufunga buti kuna mitindo mitatu. Kamba za kawaida, kamba za kuvuta mara moja, na kitufe cha kuzungusha kinachovuta waya mwembamba wa chuma. Mimi nimechukua vitufe viwili, kimoja cha unyayo, kingine cha kifundo, ili nikaze kisigino bila kuua vidole. Wewe ungechukua kamba za kawaida na ungekuwa na hoja: ikikatika mlimani unapiga fundo unaendelea. Ugumu wa buti huandikwa kwa namba, 1 laini mpaka 10 gumu, ila kila kiwanda na rula yake, saba ya huyu ni tano ya yule. Kwa poda nataka la katikati. Ubao unaelea, kifundo kinahitaji kucheza kidogo. Laini kabisa nalo silitaki, maana poda ya asubuhi ikishakatwakatwa na watu, mchana inakuwa matuta, na hapo unahitaji kitu cha kuegemea ugoko.

Vifungio, wao huita baindingi, ni fremu inayokazwa ubaoni kwa skrubu. Mkanda mmoja juu ya kifundo, mmoja kwenye vidole, yote miwili ina meno ya kuvutia, na nyuma kuna mgongo unaokingama chini ya shavu la mguu. Vinafuata saizi ya buti. Buti likicheza ndani ya kifungio, kazi yote niliyokueleza juu imemwagika. Na buti lining'inie sawa pande zote mbili za ubao, wa vidole na wa kisigino. Mwenye mguu mkubwa atafute ubao mpana, la sivyo vidole vitalima theluji. Viko vifungio vya kukanyagia tu, unakanyaga, kinalia ka, umefungwa. Kwenye theluji ngumu ni raha tupu. Kwenye poda mpaka kiuno, theluji inajishindilia chini ya soli na kisigino hakishiki, unabaki ukikwangua kama anayesafisha samaki. Mimi ni mtu wa mikanda.

Halafu kuna kuvipanga, na hapa ungenielewa haraka kuliko wazungu wa dukani, kwa sababu umepanda ngalawa. Mzito akikaa mbele, omo inakunywa maji. Ubao kwenye poda ni vilevile: pua lazima iwe juu. Usipofanya kitu, unaegemea nyuma siku nzima na paja la mguu wa nyuma linawaka moto. Kwa hiyo nasogeza vifungio vyote viwili nyuma, sentimita mbili au nne kadiri matundu ya skrubu yanavyoruhusu, mguu wa mbele naugeuza nyuzi 18, wa nyuma nauacha nyuzi 3. Mgongo wa kifungio naulegeza usinisukume mbele mno. Kazi ya dakika kumi na bisibisi moja.

Bado kisigino changu kilikuwa kikicheza kidogo, hata kwenye buti la saizi yangu. Ni chembamba, nimekirithi kwako. Duka linauza vipande vya sponji vya kubandika kwenye bitana, vyenye umbo la herufi J, kimoja kila upande wa mshipa wa nyuma, chini ya fupa la kifundo. Nikaona bei, nikaona ni kile kile ulichokuwa ukimwekea yule mzee wa bandarini mwenye mguu uliovunjika. Nikachukua bitana kuukuu, kile kisu chako kifupi cha ngozi na gundi, nikakata vyangu. Mwenye duka alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote, sikumwona. Siku hizi akija mteja wa kisigino chembamba ananiita, na kisu nimekiwekea ala.

Alhamisi ilianguka sentimita 40 usiku. Nilipanda na basi la kwanza pamoja na kijana wa dukani, maana kwenye miti hatuendi mmoja mmoja. Shina la msonobari hujificha na shimo la theluji, na ukiingia kichwa chini hutoki peke yako. Hilo usimsomee Mama. Sauti haikuwepo, Baba. Niliegemea visigino kidogo tu, na ubao ukageuka.

Sasa nina ombi. Mwanaidi ananiambia bado unakwenda msikitini na ndala, na kwamba mguu wa kulia unavimba jioni. Chukua boksi, lifungue, uukanyage mguu juu yake baada ya Magharibi, wakati umeshavimba, umesimama na uzito wote. Mwanaidi achore, kalamu isimame wima isiinamie ndani, miguu yote miwili. Aweke rula kando yake ndipo apige picha. Na Mama asiongeze chochote mbele ya vidole.

Nisalimie wote hapo nyumbani na barazani.

Mwanao,
Salimu