Barua ya wazi kwa Mwendesha Mashtaka wa Queens, New York

Mheshimiwa,

Nakuandikia kwa Kiswahili. Ofisi yako itafute mkalimani, kama tunavyohangaika kumtafuta sisi wahamiaji kila tunapoitwa kwenu.

Mimi ni mzaliwa wa Likoni, Mombasa, na sasa naishi Elmhurst. Nilipofika Queens nilikuta habari ya kwetu imenitangulia. Meli ya Golden Venture, iliyobeba wahamiaji kwa magendo na kukwama kwenye mchanga wa Rockaway, ufukwe wa hapa Queens, usiku wa kuamkia Juni 6, 1993, ilipitia Mombasa. Karibu 200 kati ya abiria wake walikuwa wametelekezwa kwetu baada ya meli yao ya kwanza, Najd II, kushindwa kuendelea na safari. Wakapakiwa upya, wakazungushwa Rasi ya Tumaini Jema hadi hapa. Jumla walikuwa abiria 286, wengi wao wa mkoa wa Fujian, China. Kumi walikufa.

Safari ile iligharimu takriban dola 30,000 kwa kichwa. Maskini hana pesa hizo, kwa hiyo alilipa kidogo na kubaki na deni. Akishafika, vijana wa genge la Fuk Ching walikuwa wakimfungia mtu chumba cha chini ya nyumba, wanampiga, kisha wanampa simu aongee na nduguze kijijini ili wamsikie anavyolia. Pesa zikitimia, anaachiwa aende kuosha vyombo mgahawani miaka na miaka kuwalipa hao ndugu waliokopa. Watu wakisikia magenge ya Wachina humtazama kila Mchina kwa jicho la shaka, ilhali anayeumizwa kwanza ni Mchina mwenyewe.

Lakini kinachonikera mimi ni yaliyofuata. Ah Kay, kiongozi wa Fuk Ching, mtu aliyekiri kuhusika na mauaji, alishirikiana na serikali na kutoa ushahidi dhidi ya Cheng Chui Ping, mama mwenye duka wa Chinatown, mtaa wa Wachina, aliyevusha watu kwa magendo kwa miaka mingi. Mama huyo alihukumiwa mwaka 2006 kifungo cha miaka 35, akafia gerezani 2014. Ah Kay alipunguziwa adhabu. Sawa, kesi zinahitaji mashahidi. Na abiria je? Baadhi yao walikaa karibu miaka minne katika gereza la York, Pennsylvania, wakikunja ndege wa karatasi kupoteza siku, hadi Rais Clinton alipoamuru waachiwe Februari 1997. Aliyewatoza alionekana shahidi wa maana. Waliotozwa wakawa mahabusu.

Tangu mwaka 2000 sheria imebadilika. Ipo viza ya U kwa mhamiaji aliyedhuriwa na uhalifu, ukiwemo utekaji na kutozwa pesa kwa vitisho, naye akawasaidia wapelelezi. Kwa mwaka zinatolewa 10,000 tu. Ombi halipokelewi bila saini ya polisi, mwendesha mashtaka au mamlaka nyingine kama hizo, na saini hiyo ikipita miezi sita kabla ombi halijawasilishwa, imekufa.

Ninachoomba ni kidogo: weka hadharani, kwa lugha zinazosemwa mitaani mwetu, nani katika ofisi yako anatia saini hiyo na ndani ya siku ngapi. Mtu ajue jibu kabla hajafungua mdomo, maana akishafungua, genge linajua mama yake anakaa wapi.

Nina jirani, mpishi. Kila mwezi kuna kijana anakuja kuchukua bahasha kwake. Nilimwambia aripoti, akaniuliza, "Nikienda, watamuuliza nani karatasi kwanza, yeye au mimi?" Sikuwa na la kumjibu. Ukinipa jibu kwa maandishi, nitampelekea. Akikubali, nitakuja naye mwenyewe.

Tafadhali muwe na mkalimani wa Kifuzhou, lugha ya kwao Fujian. Kimandarini anakisikia, lakini akiogopa kinampotea.

Wako,
Mwana wa Likoni, Elmhurst