Mke wangu aliwaambia wenzake wa chama kabla yangu

Shangazi, salamu nyingi. Usingizi umenikataa usiku kucha, kwa hiyo ukiona maneno yamepinda nisamehe.

Mimi si mtu wa kupinga maendeleo. Nianze na hilo, maana najua mtasema wanaume wa huku Lamu bara tumebaki nyuma. Pamba nimeilima tangu ujana. Bei ilipoanguka wenzangu wakahamia simsim na mahindi, mimi sikuiacha. Basi nikiwa dukani, mke wa jirani ananiuliza: eti masika haya mnapanda pamba ya GMO, ile mbegu iliyobadilishwa vinasaba? Nyumba yangu, nami ndiye wa mwisho kujua! Chama kizima kinajua, kimeshamkopesha, na mbegu zimeshaagizwa.

Nilipomuuliza alinijibu kwa upole, na huo upole ndio ulionichoma zaidi. Akasema pamba hii ina kinga yake dhidi ya viwavi wa vitumba, dawa tutapuliza mara chache, na kifua changu kitapumzika. Kifua changu kimeingiaje hapo? Kweli nikishinda na pampu mgongoni usiku nakohoa, lakini mkulima gani hakohoi? Kumbe hata hilo wamelijadili huko chamani. Siku hizi wanawake wakinipita njiani wananiambia pole. Pole ya nini, Shangazi?

Nami nina sababu zangu. Mbegu yenyewe ni chotara, ukipanda ya mavuno yako haizai vilevile, kwa hiyo kila msimu ni kununua. Tena inatoka India, na ikichelewa mvua haimngoji mtu. Sisi tulizoea kupewa mbegu na kiwanda baada ya pamba kuchambuliwa. Halafu haizuii vidukari wala kangambili, pampu iko palepale. Na mbuzi wangu, ambao baada ya mavuno huingia shambani kula mabaki? Nilimuuliza afisa wa kilimo, akacheka. Nikamtajia marufuku ya GMO ya 2012, na kesi zilizofuata serikali ilipoiondoa Oktoba 2022. Akasema marufuku ile ilikuwa ya vyakula, pamba iliidhinishwa tangu Desemba 2019. Nikarudi nyumbani, nikakuta mke wangu analijua hilo pia. Amelijulia wapi, na sisi huzungumza kila kitu, mpaka bei ya kuku?

Nimemwambia shamba ni la marehemu baba yangu na mbegu hiyo haitagusa udongo wake. Nimesema, na sirudi nyuma. Ila kuna ekari ya bondeni, ile ambayo viwavi huimaliza nikabaki kuchuma vitumba vitupu. Hiyo, angeniuliza kwanza, pengine ningempa. Pengine ningeipanda mwenyewe. Jirani aliyepanda msimu uliopita alivuna vizuri, sikatai. Lakini yeye mkewe alimwambia.

Sasa chama kinataka niweke sahihi kama mwenye shamba, na mvua iko karibu. Nikiweka, watasema nyumba yangu inaendeshwa na wao. Nisipoweka, deni linabaki kwake na ataaibika mbele ya wenzake. Sitaki aaibike, ingawa mimi aliniaibisha. Hata chai yake sijainywa tangu juzi, naipenda lakini siinywi.

Kwa hiyo naomba unijibu: pamba hiyo ina madhara kwa mbuzi au haina? Na lile la sahihi, ukipata nafasi.

Tafadhali usitaje tunakokaa. Yeye hukusoma kila wiki, na hajui kama nimekuandikia.